Mtoto akikosea hesabu, inakuwaje? Shule tatu nilizozilinganisha Moshi kabla ya Januari

Desemba hapa Kilimanjaro ni mwezi wa kurudi nyumbani. Magari yanapanda kutoka Dar, mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa kwa sufuria kubwa, na kila mtoto anayekatiza uani na sahani mkononi anakutana na swali lile lile kutoka kwa kila mjomba na kila shangazi: "Umekuwa wa ngapi?" Binti yangu amemaliza darasa la nne. Nilikuwa nimekaa kihambani, shamba la nyumbani kwa wakwe zangu, nikamsikia akilijibu swali hilo mara sita kabla nyama haijaiva. Ya saba hakuijibu. Alikwenda kukaa jikoni kwa bibi yake, na huko alikaa mpaka jioni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa 14, na Januari mtoto wangu anahamia shule nyingine. Shuleni kwangu sikutaka asome. Mtoto akifundishwa na mama yake anabeba mzigo wa darasani mpaka mezani. Novemba yote nilizunguka na mume wangu, tukaona shule nyingi, tukabaki na tatu. Nazilinganisha hapa kwa sababu najua wazazi wengi wa Moshi na Arusha wako kwenye mzani huo huo mwezi huu. Majina sitayataja, maana niliyoyaona yapo katika shule nyingi, siyo hizo tu.

Ya kwanza nitaiita shule ya bweni. Ni ya binafsi, iko nje ya mji kuelekea mlimani, inajulikana kwa wastani mkubwa wa darasa la saba. Ya pili ni shule ya basi, nayo ya binafsi lakini ya kutwa, nusu saa kutoka kwetu, na kwenye fomu yao ya kujiunga wameandika wazi kwamba hawachapi. Ya tatu ni shule ya jirani, ya serikali, dakika kumi na tano kwa miguu, isiyo na ada.

Kila nilipofika, tukishamaliza habari za ada, sare na chakula, niliuliza swali moja: mtoto akikosea hesabu, inakuwaje?

Kosa lenyewe

Shule ya bweni walinipokea kwa heshima, na chai ya maziwa juu. Mwalimu mkuu alinijibu bila kusita. Jumamosi kuna jaribio, Jumatatu kuna marekebisho. Nikauliza marekebisho ni nini. Kila somo lina alama ya kufikia, hesabu ni 40 kati ya 50, na aliyepungukiwa anachapwa. Mwalimu wa taaluma aliyekuwa amekaa pembeni akaongeza kwamba mtoto akishazoea anafika mwenyewe, "mama usiwe na wasiwasi."

Niliomba kuona madaftari, nikaletewa matatu ya darasa la nne. Yalikuwa masafi, mwandiko wa kupendeza, alama za vema kutoka juu hadi chini. Lakini mawili kati ya hayo matatu yalikuwa yamefutwa kwa ufutio mahali pale pale, swali lile lile, na juu ya ule ukungu wa penseli limeandikwa jibu sahihi bila njia. Wale watoto walinakiliana. Najua hivyo kwa sababu madaftari ya namna hiyo nimeyasahihisha miaka minne kwa mkono wangu, nikiamini nafundisha.

Miaka minne yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na fimbo ya mpera juu ya kabati. Sikuwa mwalimu mkali kuliko wenzangu. Nilifanya kilichofanyika. Jumatatu wavulana walikuja na kaptula mbili, na wasichana walikuja wamefumba mikono ndani ya masweta, hata Januari wakati wa joto. Darasa langu lilikuwa na wastani mzuri na nilisifiwa kwenye kikao. Kila wiki niliwapa nusu jumlisha theluthi, na karibu wote walipata sehemu tano za sita.

Kisha ukaja mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Tukabadilishana wasimamizi na shule nyingine, madawati yakatenganishwa, kila mtoto peke yake na karatasi yake. Swali la nusu jumlisha theluthi lilikuwemo. Watoto wangu 19 waliandika sehemu mbili za tano. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa la kwanza kabisa la kujumlisha visehemu, kosa ambalo mwalimu yeyote analisahihisha kwa mkate na kisu katika nusu kipindi. Mimi sikulisahihisha, kwa sababu sikuwahi kuliona. Walikuwa wamelificha mwaka mzima ili wasichapwe. Nilikaa ofisini na zile karatasi 19 nikaelewa kwamba ile fimbo ilikuwa imenifunga macho mimi kabla ya kumuumiza mtoto yeyote.

Na iliwaumiza. Mwaka huo huo nilimchapa mtoto mmoja mkononi, akakunja vidole wakati fimbo inashuka, na kidole cha shahada kikavimba. Wiki ile alikuwa anaandika kwa kushika kalamu kati ya kidole cha kati na cha pete. Hakusema kwao. Mama yake aliniuliza kwa adabu mbona mwandiko wa mtoto umeharibika. Nilimwambia ukweli, na siku ile ndiyo ya mwisho mimi kushika fimbo.

Sasa shule ya basi. Mwalimu wa darasa la nne alifungua daftari moja, na nikaliona kosa lile lile langu la zamani: nusu jumlisha theluthi, sehemu mbili za tano. Halijafutwa. Limezungushiwa duara, na pembeni mtoto ameeleza kwa maneno yake mwenyewe alichofanya na kwa nini haiwezekani: sehemu mbili za tano ni ndogo kuliko nusu, na mtu hawezi kuwa na nusu mkate, aongezewe mkate, abaki na pungufu ya nusu. Chini yake amechora mistatili miwili, akaigawa kila mmoja vipande sita, akapaka rangi vitatu huku na viwili kule, akapata tano za sita. Mwalimu akaniambia kwamba yeye hutoa alama moja kwa jibu na alama mbili kwa maelezo ya kosa. Nilirudia kuusoma ule ukurasa mara mbili, na mume wangu akanigusa bega akidhani nimechoka.

Shule ya jirani nilimkuta mwalimu wa kike, mwenye watoto 81 katika chumba kimoja. Alinijibu kwa unyoofu ambao nauheshimu. Fimbo ipo ofisini kwa mwalimu mkuu, na yeye haitumii. Anachofanya ni kuchukua madaftari kumi kwa siku na kuyasahihisha mwenye daftari akiwa amesimama kando yake, wakizungumza. Kwa hesabu hiyo kila mtoto anaongea naye uso kwa uso mara moja kila siku nane au tisa za masomo. Ni kidogo, lakini kwa watoto 81 ni kazi ya moyo. Tatizo ni kwamba tukiwa tunaongea nilisikia fimbo zikilia chumba cha pili. Shule moja, ukuta mmoja, na mtoto wako atakaa upande gani wa ukuta inategemea orodha ya majina itakavyopangwa Januari.

Sheria inasema nini

Wazazi wengi wanadhani ni ama fimbo zimeruhusiwa tu, au zimepigwa marufuku tu. Zote mbili siyo. Kwa upande wa Tanzania Bara, Kanuni za Elimu za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinaruhusu kiboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena kwa masharti. Visizidi vinne kwa wakati mmoja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Achapwe mkononi au makalioni juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto viangaliwe. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, na aliyechapa.

Soma tena masharti hayo ukikumbuka ule utaratibu wa Jumatatu. Kupata 38 kati ya 50 siyo kosa kubwa la nidhamu. Mwalimu wa somo anayezunguka na fimbo mkononi tangu paredi hadi kengele ya mwisho, bila barua ya idhini na bila daftari, yuko nje ya kanuni, hata kama wazazi wote wanampenda. Kwa hiyo mzazi unaweza kuomba kwa upole kuona daftari la adhabu. Shule ya bweni waliniambia lipo lakini mhusika amesafiri. Shule ya jirani mwalimu mkuu alinionyesha. Lilikuwa na maingizo machache ya mwaka mzima, na zile fimbo nilizozisikia sikuziona humo.

Mimi sitetei hata hivyo vinne. Ukivuka Namanga, Kenya walishafuta viboko shuleni tangu 2001, na Uganda wakavikataza kwa sheria ya mwaka 2016. Watoto wa Namanga yetu na watoto wa Namanga yao wanacheza mpira pamoja jioni, na kesho yake asubuhi upande mmoja mwalimu anaruhusiwa kumchapa na upande wa pili haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo jirani, Arusha. Tanzania imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa tangu 1991 na ule wa Afrika tangu 2003, na ule wa Afrika unataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya shule chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata kipigo kabla ya kufika miaka 18, na zaidi ya nusu ya wale wa miaka 13 hadi 17 walikuwa wamekipata kwa walimu. Agosti 2018 mtoto wa miaka 13 alikufa Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya mkoba uliopotea. Mkoba ulikuja kupatikana. Nafahamu hilo ni tukio la mwisho kabisa la ubaya, lakini kila mmoja wetu aliyewahi kushika fimbo akiwa na hasira anajua haliko mbali kama tunavyopenda kuamini.

Kuchelewa

Hapa nitapita haraka. Shule ya bweni hawana wachelewaji, wote wanalala humo humo. Shule ya basi, basi likichelewa kosa ni la kwao. Shule ya jirani ndiko nilikokuta watoto kama ishirini wamepigishwa magoti kwenye changarawe getini saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilimuuliza mmoja kwa nini amechelewa. Konda wa haisi aliwakataa, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na konda anataka watu wazima. Mtoto anaadhibiwa kwa kosa la konda. Nilimwambia mwalimu wa zamu, akasema yeye hana la kumfanya konda. Hilo kamati ya shule inaliweza: kwenda stendi, kuongea na viongozi wa daladala. Sikuona kwamba limewahi kujaribiwa.

Saa za mtoto

Shinikizo haliko kwenye fimbo peke yake. Nilichukua karatasi nikaandika siku ya mtoto katika kila shule, na nakushauri ufanye hivyo, maana ratiba ukiisoma ukutani inapendeza, ila ukiigeuza kuwa saa za kulala inashtua.

Shule ya bweni: prepu ya usiku inaisha saa nne, kengele ya kuamka ni saa kumi na nusu alfajiri. Hata mtoto akilala papo hapo, anapata usingizi wa saa sita na nusu tu. Madaktari wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kila usiku anadaiwa saa mbili na nusu au zaidi, na deni hilo linalipwa darasani, kwenye kipindi cha saa nane mchana, ambako akisinzia kuna adhabu yake. Jumamosi ni jaribio, Jumapili mchana kuna masomo ya ziada. Nilipouliza watoto wanacheza lini, nilionyeshwa kiwanja. Ni kiwanja kizuri, nyasi zake hazijakanyagwa.

Shule ya basi: basi linapita kituoni kwetu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo kuamka ni saa kumi na moja na nusu. Akilala saa mbili na nusu usiku anapata saa tisa kamili, bila akiba. Kazi za nyumbani wanatoa za nusu saa. Hilo nililipima kwa kuuliza wazazi wawili niliowakuta getini, siyo kwa kuuliza shule.

Shule ya jirani: anaamka saa kumi na mbili, anatembea na wenzake, saa tisa alasiri yuko nyumbani. Kwa usingizi na mchezo hakuna inayoifikia. Ila wengi wanapitia tuisheni kwa mwalimu yule yule wa asubuhi, na asiyelipa ya tuisheni anaachwa nyuma asubuhi. Ukiipeleka shule ya jirani kwenye mzani, weka na hiyo.

Kuhusu bweni kwa wadogo, kuna jambo wazazi wengine bado hawalijui. Machi 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa shule yenye kibali maalumu. Binti yangu anaingia la tano, kwa hiyo sheria inamruhusu. Mimi ndiye niliyesita. Lakini siwezi kumhukumu mzazi anayechagua bweni. Jirani yetu anapandisha watalii mlimani, safari moja ni siku sita au saba, mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku. Wagumu wetu wanaobeba mizigo hadi Kibo nao wana watoto, na si kila nyumba ina bibi wa kumwachia. Kwa familia kama hizo bweni ni msaada mkubwa. Ninachowaomba ni watafute bweni lenye kengele ya kuamka saa kumi na mbili. Yapo.

Nafasi na mabango

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi kama mwalimu. Lakini ingia barabara ya Arusha uone mabango. Sura za watoto wa darasa la saba, zimekuzwa, kila mmoja na A zake kifuani. Walioachwa nje ya bango wanapita chini yake kila asubuhi.

Shule ya bweni ripoti ina nafasi kwa kila somo, nafasi ya jumla, na nafasi ya mkondo. Mtoto mmoja anapewa namba tisa. Shule ya jirani wana nafasi moja. Shule ya basi hawaandiki nafasi hadi darasa la tano. Wanaandika anachoweza na ambacho bado. Kwa mfano, "anagawanya kwa tarakimu moja bila msaada, kwa tarakimu mbili bado anasahau sifuri." Mzazi ukipata sentensi hiyo unajua la kufanya Jumamosi. Ukipata "wa 31 kati ya 48" unajua la kufanya nini, zaidi ya kukasirika?

Lakini wanafaulu?

Hili ndilo mume wangu aliuliza, na ni haki yake. Shule ya bweni ina wastani mkubwa kuliko shule ya basi, hilo halina ubishi. Nikauliza walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa darasa la saba wangapi. Tofauti ilikuwa kubwa. Wengine walirudishwa darasa, wengine wazazi walishauriwa "kumtafutia mtoto shule inayomfaa" alipofika la sita. Kuna na usaili wa kuingia. Ukichuja mchele hivyo lazima upate mchele mweupe. Wastani wa shule unakuambia nani amebaki, haukuambii mtoto wako atafanywaje akiteleza. Uliza namba hizo mbili katika kila shule. Wa shule ya basi walizitoa bila kuombwa mara ya pili, na zilikaribiana.

Swali la pili la mume wangu: bila fimbo darasa linatulia kweli? Linatulia, ila kwa kazi, na kazi hiyo lazima iwe ya shule nzima. Wilaya ya Luwero nchini Uganda walijaribu mpango kama huo katika shule za msingi 42, nusu wakaupata na nusu wakasubiri. Matokeo yaliyotolewa 2015 yalionyesha kwamba ukatili wa walimu kwa watoto ulipungua kwa asilimia 42. Uliwahusisha walimu, uongozi na watoto wenyewe. Mpango mwingine uliolenga walimu peke yao, kwa vikao vya wiki chache, ulijaribiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na haukuonyesha kupunguza kipigo. Nawaelewa wale walimu. Mwalimu mmoja anayeacha fimbo katikati ya shule inayochapa anaonekana dhaifu mbele ya watoto na mbele ya wenzake. Nililipitia hilo, na miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu kuliko mwaka wangu wa kwanza kazini.

"Hatuchapi" ni nusu ya habari

Sitaki mtu asome hadi hapa akimbilie kila shule iliyoandika neno hilo. Zipo zilizoacha fimbo zikashika matusi. Zipo zinazomnyima mtoto uji. Na hata hii shule ya basi niliyoisifu, wakati wa mapumziko nilimwona mvulana mdogo, wa la pili au la tatu, amevikwa kamba shingoni yenye kibao cha mbao. Niliuliza. Ameongea Kiswahili. Anavaa hicho kibao mpaka amkamate mwingine akiongea Kiswahili, ndipo amvishe.

Nilisimama pale nikamtazama. Alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi, hachezi, anasikiliza wenzake. Shule iliyoacha kumchapa mtoto akikosea visehemu inamvisha kibao kwa kusema lugha ya mama yake na ya nchi yake, na inamfundisha kuwinda wenzake. Niliyasema hayo kwa mwalimu mkuu karibu kwa maneno hayo hayo, sauti yangu ikiwa juu kuliko nilivyotaka. Akanisikiliza, akasema ni utaratibu alioukuta, na kwamba wazazi wengi ndio wanaoudai. Nikamwambia mimi ni mzazi na naudai uondoke.

Kwa hiyo ukienda kutembelea shule, nenda saa ya mapumziko, usiende siku ya maonyesho. Tazama watoto mwalimu akipita: wanaendelea kucheza au wananyamaza? Omba daftari la mtoto wa kati, usikubali la mtoto wa bango. Tafuta kosa ambalo halijafutwa. Kama mtoto wako tayari yuko shuleni na ameumizwa, anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule na afisa elimu kata. Yakishindikana, kuna afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya huduma kwa mtoto, 116, isiyolipiwa.

Tulichoamua

Mama mkwe wangu alisikiliza mjadala wetu siku mbili kisha akatoa methali yake: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimjibu kwa heshima kwamba mama, simchelei kulia. Mwanangu ameshalia kwa sababu yangu mara nyingi, nikimrudisha kuomba radhi, nikimnyima simu, nikimkalisha arudie hesabu ambayo ameshachoka nayo. Ninachochelea ni anyamaze. Bibi akatazama kule jikoni alikokuwa amejificha mjukuu wake siku ile, hakusema kitu. Jioni nikamsikia akimwambia shemeji yangu aliyetoka Dar kwamba mtoto huyu asiulizwe tena amekuwa wa ngapi.

Kama shule ya jirani ingekuwa yote iko upande ule wa ukuta, wa yule mwalimu mwenye watoto 81 na moyo wake, tungempeleka pale kesho asubuhi, na ile ada tungeichangia madawati. Nimemwomba mwalimu mkuu wake nije Februari nizungumze na walimu wa hesabu jinsi ya kusahihisha bila fimbo. Amekubali.

Binti yetu anaanza shule ya basi Januari. Nusu ya ada ya muhula tumelipa, nusu tutaimaliza Machi. Siku ya kulipa nilipita tena kwenye zile ngazi. Mwalimu mkuu akaniambia kibao kitajadiliwa kwenye kikao cha kwanza cha wazazi, na jina langu ameliandika la kwanza kwenye orodha ya wazungumzaji.